Njia nane au reli? Hesabu ya foleni kutoka Kibaha na Pugu kwenda katikati ya Dar es Salaam

Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha ina urefu wa kilomita 19.2. Jiwe la msingi la kuipanua hadi njia nane liliwekwa Desemba 2018, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 140, na mkazi wa Kibamba au Kiluvya hahitaji kuelezwa tofauti yake. Lakini lami hiyo pana ikifika Kimara inakutana na barabara ambayo magari ya kawaida yana njia mbili za kwenda na mbili za kurudi. Njia za katikati ni za mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka. Hali ni hiyo mpaka Ubungo, Shekilango na Magomeni.

Upande wa kusini-magharibi mambo ni kinyume. Reli ya Kati inapita Buguruni, Vingunguti na Gongo la Mboto hadi Pugu. Ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 treni zilikuwa zimefika Morogoro. Njia ipo, ardhi yake ipo, na watu wamejaa pande zote mbili. Hata hivyo wengi wa wakazi wa Pugu na Chanika huenda mjini kwa daladala.

Mjadala wa barabara au reli huwa mgumu kwa sababu watu hulinganisha vitu viwili visivyopimwa kwa kipimo kimoja. Barabara hutajwa kwa idadi ya njia, reli kwa kilomita na bei ya treni. Kwa abiria anayetaka kuwahi kazini, kipimo chenye maana ni kimoja: watu wangapi wanaweza kupita kwa saa moja, asubuhi, mahali penye ufinyu kuliko kote njiani.

Hesabu ya mahali penye ufinyu

Tuanze na njia moja ya lami. Magari yanapotembea bila kusimama, kila dereva huacha nafasi ya takriban sekunde mbili kati yake na wa mbele. Saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo njia moja hupitisha magari kama 1,800. Ukiweka taa, na upande huo ukapata kijani nusu ya muda, yanabaki 900. Gari binafsi asubuhi hubeba mtu mmoja au wawili. Tukichukua wastani wa mtu mmoja na nusu, njia hiyo yenye taa inapitisha watu 1,350 kwa saa. Hata ukiongeza njia ya pili iliyojaa magari madogo, hufiki 3,000.

Kosta ya daladala ikiwa na waliokaa na waliosimama hubeba kama watu 40, na barabarani inachukua nafasi ya magari madogo mawili. Kwa hiyo daladala inaitumia lami vizuri kuliko gari binafsi mara nyingi. Kinachoibana daladala mara nyingi ni kituo. Tuseme kituo kinapokea kosta tatu kwa mpigo, na kila moja inahitaji dakika moja na nusu kuingia, kushusha, kupakia na kutoka. Hapo zinapita kosta 120 kwa saa, yaani watu 4,800. Zikija 150, zile 30 za ziada zinapakia katikati ya barabara, njia ya kushoto inafungwa, na barabara ya njia mbili inageuka ya njia moja. Ndiyo maana kuongeza nafasi ya vituo viwili au vitatu vinavyozidiwa kunaweza kuondoa foleni ambayo kilomita nzima ya lami mpya haiiondoi.

Basi refu la mwendokasi la mita 18 hubeba hadi watu 150. Tuchukue 120, ili abiria apate nafasi ya kupumua. Basi moja kila dakika ni watu 7,200 kwa saa katika njia moja, na vituo vya awamu ya kwanza vilijengwa na nafasi ya basi moja kulipita jingine, kwa hiyo idadi inaweza kupanda zaidi. Sharti lake ni mabasi yawepo. Huduma ilianza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni ikiwa na mabasi 140, wakati mpango wa awamu hiyo ulihitaji zaidi ya 300. Msongamano wa pale Kimara asubuhi una maelezo yake hapo: njia ya saruji imejengwa kwa uwezo mmoja, mabasi yameletwa kwa uwezo mwingine. Ongeza karakana ya Jangwani, iliyowekwa kwenye bonde la Msimbazi linalofurika wakati wa masika, na unaelewa kwa nini mvua ya usiku mmoja iliweza kupunguza mabasi ya asubuhi.

Treni ya mabehewa kumi, kila behewa watu 100, hubeba 1,000. Zikipita kumi kwa saa ni watu 10,000. Zikipita mbili ni 2,000, chini ya nusu ya kile kituo cha kosta tulichokihesabu. Reli yenyewe haina uwezo wowote mpaka ujue treni zinapishana vipi, na hapo ndipo mijadala mingi inapokosea.

Rudi sasa Kimara. Njia nne zinazoingia mjini zikiwa zimejaa zinaweza kuleta magari 7,000 kwa saa. Njia mbili zinazoyapokea zinaweza kuchukua 3,600 kama hakuna taa, na kuna taa. Barabara ya juu ya Kijazi pale Ubungo, iliyozinduliwa Februari 2021, iliondoa kizuizi kikubwa, lakini magari yakitoka hapo bado yanakutana na makutano ya Shekilango, Magomeni na Fire. Askari wa usalama barabarani anaposimamia taa kwa mkono na kuuachia upande mmoja dakika kadhaa, upande mwingine unajaa mpaka unaziba makutano ya nyuma yake. Upanuzi wa Kimara hadi Kibaha umefupisha safari ndani ya zile kilomita 19.2, na hilo ni jambo la kweli la kushukuru. Asubuhi, sehemu ya muda uliookolewa Mbezi inarudishwa Kimara.

Kwa nini njia mpya hujaa

Kuna magari yanayotokea baada ya barabara kupanuliwa ambayo hayakuwepo kwenye hesabu za mwanzo. Yanatoka sehemu tatu, na kila moja ina muda wake.

Kundi la kwanza linajitokeza ndani ya wiki chache. Ni watu waliokuwa wakiondoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri kukwepa foleni. Wakiona njia iko wazi, wanarudi kuondoka saa kumi na mbili kama wengine. Hakuna ubaya, wamepata usingizi, ila saa ya kilele inajaa upya. Kundi la pili huja ndani ya miezi: waliokuwa wakipanda daladala, wana gari au wana uwezo wa kukopa la mkononi, na sasa wanaona inalipa kuendesha.

Kundi la tatu ndilo kubwa, na kwetu lina tabia yake. Mtu ananunua kiwanja Kibamba, Kiluvya, Mlandizi au Mapinga kwa sababu barabara imekuwa nzuri. Hajengi kwa mkopo wa miaka 20 ahamie mwaka huohuo. Anamwaga msingi, anasubiri, anapandisha kuta, anasubiri, anapaua, na siku moja anahamia nyumba haijapigwa lipu. Safari hiyo huchukua miaka mitano, nane, hata kumi. Kwa hiyo barabara iliyopanuliwa huonekana imefaulu kwa miaka kadhaa, wahandisi wanapongezwa, na wakati huohuo maelfu ya nyumba ziko hatua ya lenta. Paa zikikamilika, foleni inarudi, na hakuna anayeihusisha na uamuzi uliofanywa muongo mmoja nyuma.

Sensa inaonyesha watu wanakokwenda. Kati ya 2012 na 2022 mkoa wa Dar es Salaam uliongezeka kutoka watu milioni 4.36 hadi milioni 5.38. Mkoa wa Pwani, wenye Kibaha, Mkuranga, Bagamoyo na Kisarawe, ulitoka takriban milioni 1.1 hadi milioni 2. Jiji limeshavuka mipaka yake ya kiutawala, na wengi wa wanaohamia Pwani wanaendelea kufanya kazi Kariakoo, Posta, Mwenge na bandarini.

Si kwamba kila upanuzi ni kosa. Barabara ya Morogoro inabeba mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, na tangu 2021 mabasi ya mikoani yanaanzia Mbezi Luis. Lori lililopata moto katika barabara ya njia mbili lilikuwa linafunga mkoa mzima. Anayesema barabara ile isingepanuliwa kabisa hajaangalia kinachopita juu yake. Swali ni njia nane zinagawiwa nani.

Nairobi ilitangulia

Barabara ya Thika ilipanuliwa kati ya 2009 na 2012, kilomita 50 hivi, njia nane na zaidi katika baadhi ya sehemu. Ruiru, iliyo kando yake, ilikuwa na watu 238,858 katika sensa ya 2009. Sensa ya 2019 iliwakuta 490,120. Barabara peke yake haikuleta watu wote hao, kwani ardhi ya mashamba ya kahawa iliuzwa na kugawanywa, na kodi za nyumba jijini zilisukuma. Lakini barabara ndiyo iliyofanya ardhi ile iwe ya kuishi kwa mtu anayefanya kazi mjini.

Ufinyu ulihama tu. Ulitoka Githurai na Kahawa ukahamia Pangani, Ngara na mzunguko wa Globe, mahali ambapo barabara kubwa inamwaga magari kwenye mitaa ya zamani. Kuvuka kwa miguu nako kukawa hatari. Njia nane za mita 3.5 kila moja ni mita 28 za lami bila kuhesabu katikati. Mtu mzima mwenye haraka anatembea mita 1.2 kwa sekunde, hivyo anahitaji sekunde 23. Bibi mwenye mzigo, kwa mita 0.8, anahitaji 35. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde, kwa hiyo lile litakalomfikia bibi akiwa katikati bado halionekani anapoanza kuvuka. Vivuko vya juu vinapaswa kuwa ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza, kila mahali penye shule, soko au kituo, vikiwa na njia ya mteremko kwa mikokoteni na viti vya magurudumu.

Reli ya Thika, iliyokuwepo tangu 1913, inapita sambamba na barabara hiyo kupitia Dandora, Githurai na Kahawa. Ni njia moja, ya upana wa mita moja. Mwaka 2020 Kenya ilileta treni zilizokuwa zimetumika Mallorca, Hispania, zenye injini ndani yake na chumba cha dereva kila upande. Zilikuwa hatua nzuri, lakini njia ikibaki moja na soko la Githurai likiwa limekaa kandokando ya reli, treni inatembea polepole na inapita mara chache. Stesheni ya Syokimau, iliyofunguliwa Novemba 2012 ikiwa na maegesho, ilionyesha jambo lingine: watu wenye magari huyaacha na kupanda treni pale wanapojua saa ya kuondoka na mahali pa kuegesha.

Treni ya Pugu: kinachoibana

Dar es Salaam imejaribu treni ya mjini. Oktoba 2012, Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, zilianza treni mbili: moja kwenye Reli ya Kati kati ya Ubungo Maziwa na Stesheni iliyo katikati ya mji, nyingine kwenye reli ya TAZARA, ile ya kwenda Zambia, hadi Mwakanga. Baadaye ikaja treni ya Pugu. Zilijaa asubuhi na jioni. Uhitaji ulithibitishwa, na sababu ya huduma kutokua iko kwenye njia, mabehewa na vivuko.

Tuchukue Pugu hadi Stesheni, kilomita 20, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 30 kwa saa pamoja na kusimama. Ni dakika 40. Reli ni moja, kwa hiyo treni mbili zinazokutana lazima moja iingie kwenye njia ya kupishana na kusubiri. Njia za kupishana zikiwa kila baada ya kilomita saba, treni inatumia dakika 14 kutoka moja hadi nyingine. Ya kwenda ikipita, ya kurudi nayo ipewe dakika zake 14, ukiongeza dakika mbili za kubadili njia na ishara kila upande, unapata treni moja kila dakika 32. Treni mbili kwa saa, watu 2,000, na ile moja ikichelewa inachelewesha zote zilizobaki mpaka jioni. Ukijenga reli ya pili sambamba na kuweka ishara za kisasa, treni kila dakika sita inawezekana: watu 10,000 kwa saa katika hifadhi ileile ya reli.

Halafu kuna kichwa cha treni. Kikifika mwisho wa safari lazima kifunguliwe, kipite njia ya pembeni, kifungwe upande wa pili, na breki zijaribiwe. Dakika 15 si nyingi kwa kazi hiyo. Mzunguko mzima, kwenda na kurudi, unakuwa dakika 110. Treni yenye chumba cha dereva pande zote mbili, kama zile za umeme ziitwazo mchongoko, inahitaji dakika tano tu kila mwisho, na mzunguko unashuka hadi 90. Ukitaka treni kila dakika kumi kwa mzunguko wa dakika 90, unahitaji treni tisa barabarani, moja karakana na moja ya akiba. Ni treni 11. Mtu akitangaza mradi wa treni ya mjini yenye treni tatu au nne, hesabu hii inakuambia mapema abiria watasubiri nusu saa.

Milango ni jambo dogo linaloonekana vizuri ukiwa umesimama stesheni. Behewa la safari ndefu lina milango miwili myembamba pembeni na ngazi ndefu za chuma, kwa sababu jukwaa liko chini. Watu 50 wakitumia mlango mmoja, kila mtu sekunde mbili, ni sekunde 100. Behewa lenye milango mitatu mipana na jukwaa lililo sawa na sakafu linafanya kazi hiyo kwa sekunde 20 hadi 30. Katika vituo vinane tofauti inakaribia dakika kumi, robo ya safari nzima. Kuinua majukwaa kwa zege ni kazi ya bei nafuu kuliko kununua treni ya ziada.

Kizuizi kikubwa kuliko vyote ni vivuko vya reli na barabara. Treni kila dakika sita kila upande ni treni 20 kwa saa kwenye kivuko kimoja. Kila kufunga na kufungua geti ni dakika tatu. Mara 20 ni dakika 60, yaani barabara haifunguki. Kwa hiyo treni za mara kwa mara haziwezekani bila kujenga madaraja ya juu au ya chini kwenye kila kivuko chenye magari mengi, na gharama hiyo mara nyingi haimo kwenye bajeti ya reli wala ya barabara. Shirika la Reli (TRC) linasema ni ya wakala wa barabara kuu (TANROADS) au wa barabara za vijijini na mijini (TARURA), na wao wanasema ni ya TRC. Mradi wa treni ya mjini unapaswa kuanza na orodha ya vivuko na jina la atakayelipia kila kimoja.

Wengine husema SGR, reli mpya ya kisasa, imemaliza tatizo. Treni za abiria zilianza Juni 2024 kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na zinasimama Pugu. Lakini kipande hicho kina kilomita 205 za njia kuu na 95 za kupishana, kimejengwa kwa treni za mwendo wa kilomita 160 kwa saa, na tiketi yake ni ya mtu anayesafiri mkoani akiwa na kitambulisho na mizigo. Ukiingiza treni inayosimama kila kilomita mbili mbele ya treni ya Dodoma, moja kati ya hizo itateseka. Msaada mkubwa wa SGR kwa foleni ya mjini ni mizigo: makontena yanayopelekwa kwa treni hadi bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, ni malori yasiyopita Ubungo na Mbezi.

Upana wa reli nao ni kikwazo kisichosemwa sana. Reli ya Kati ni milimita 1,000, TAZARA ni 1,067, SGR ni 1,435. Milimita 67 zinatosha kuzuia behewa la Pugu lisiweze kwenda Mwakanga. Karakana, vipuri na akiba ya treni vinagawanyika mara tatu katika jiji moja. Anayepanga treni ya mjini achague upana mmoja na kuushikilia kwa muda mrefu.

Kila upande na dawa yake

Upande wa Pugu jibu ni reli. Njia ipo, ardhi ni ya umma, idadi ya watu kandokando inatosha, na mwendokasi wa Gongo la Mboto haufiki Pugu. Kazi zinazotakiwa zina mpangilio wake: kwanza vivuko, kisha reli ya pili, ishara, majukwaa, na treni mwisho. Kinyume chake ndicho hufanywa mara nyingi, kwa sababu treni mpya inapigwa picha siku ya kuzinduliwa na daraja la Vingunguti halipigwi. Treni mpya kwenye njia moja yenye vivuko vya wazi itasubiri kama ya zamani ilivyosubiri.

Upande wa Kimara, Mbezi na Kibaha hakuna reli baada ya Ubungo, na kuna milima. Barabara inaweza kupanda mita sita au saba kila mita 100. Reli ya abiria hujengwa kwa mita mbili hivi, kwa hiyo kupandisha treni kutoka Ubungo hadi Kimara kunahitaji mikato mirefu au mahandaki, katikati ya makazi yaliyobanana. Gharama hiyo haina haki wakati njia nane zimeshajengwa. Dawa ya hapa ni kuchukua njia moja kila upande katika zile nane na kuifanya ya mabasi pekee, kuanzia Kibaha hadi inapoanza njia ya mwendokasi Kimara. Kazi yenyewe ni vituo, rangi, vizuizi vya zege na usimamizi, na lami ipo. Hasara yake kwa magari binafsi ni ndogo, kwani njia tatu zilizobaki bado ni nyingi kuliko zile mbili zinazoyasubiri Kimara. Faida yake ni kwamba basi la kutoka Kibaha linaingia njia ya mwendokasi bila abiria kushuka na kupanga foleni upya.

Sharti ni mabasi. Umbali wa Kibaha hadi Kivukoni na kurudi ni karibu kilomita 80. Kwa wastani wa kilomita 25 kwa saa, mzunguko ni saa tatu na dakika 12, pamoja na mapumziko ya dereva saa tatu na nusu. Basi moja kila dakika tatu linahitaji mabasi 70 kwa huduma hiyo peke yake. Idadi hiyo iandikwe ndani ya mkataba wa mwendeshaji, pamoja na adhabu ya kila basi lisilotoka.

Kuna barabara za kukatiza ambazo faida yake inapuuzwa. Barabara ya Mbezi, Malamba Mawili, Kinyerezi hadi Banana inamwezesha mtu wa Mbezi kufika uwanja wa ndege bila kugusa Ubungo. Ile ya Goba inampeleka upande wa Tegeta na Mbezi Beach. Kilomita chache za lami ya njia mbili zinazounganisha vitongoji huondoa magari kwenye barabara kuu, hali upanuzi wa barabara kuu unayaongeza. Vivyo hivyo njia za TARURA zinazoingia mitaani. Mkazi wa Msumi akishindwa kufika kituoni kwa sababu ya tope la masika, analipa bodaboda mara mbili kwa siku, na akipata gari hataliacha nyumbani, hata ukimjengea treni ya dhahabu pale barabarani.

Gharama zinazofichwa na kila upande

Barabara huonekana nafuu kwa sababu serikali hulipia lami tu. Gari, mafuta, matairi na muda ni vya mwananchi, na havionekani kwenye bajeti. Reli huonekana ghali kwa sababu kila kitu, kuanzia taruma hadi mshahara wa dereva, kiko kwenye karatasi moja. Ulinganisho wa haki unaweka vyote pamoja, na unahesabu ruzuku waziwazi. Nauli ya chini inayolingana na daladala mara nyingi hailipi gharama za treni. Kama ruzuku haijaandikwa kwenye bajeti ya kila mwaka, mwendeshaji hubana kwenye matengenezo, mabehewa yanakwama mojamoja, na huduma inakufa bila mtu yeyote kuamua kuiua.

Gharama ya ardhi ndiyo inayoumiza watu moja kwa moja. Mwaka 2017 mamia ya nyumba zilivunjwa kati ya Kimara na Kiluvya, kwa hoja ya hifadhi ya barabara ya mita 121.5 kila upande iliyotokana na sheria ya mwaka 1932. Nyumba zilizowekewa alama ya X zilikuwa na familia, baadhi zikiwa na umeme na maji ya serikali. Ukiamini au usiamini hoja ya kisheria, somo la kiufundi ni lilelile: hifadhi isiyowekewa mipaka inayoonekana, mawe na ramani ofisi ya kijiji, itajengwa, na anayejenga atakuwa na risiti mkononi.

Kwa hiyo mwananchi anayehudhuria mkutano wa hadhara wa mradi wowote, wa lami au wa reli, aombe namba nne ziandikwe kwenye muhtasari. Watu wangapi kwa saa mahali penye ufinyu, na mahali hapo ni wapi. Mabasi au treni ngapi zitakuwepo siku ya kwanza na mwaka wa tano. Ruzuku ni kiasi gani, kutoka fungu lipi. Na hifadhi ina upana gani, kutoka wapi hadi wapi, ikiwa na majira ya ramani, yaani namba zinazoonyesha mahali penyewe. Mtaalamu wa mradi ambaye hana namba ya kwanza bado hajamaliza kazi yake, hata kama ana picha nzuri za kompyuta.

Kwa Pwani, namba ya nne haiwezi kusubiri. Reli ya njia mbili yenye vituo inahitaji ukanda wa mita 30 hivi. Kati ya Pugu na Soga, na kutoka Soga kuelekea Kibaha, bado kuna mashamba ambayo ukanda huo unaweza kutengwa kwenye mipango miji ya halmashauri kwa fidia ya bei ya shamba. Viwanja vikishapimwa na kuuzwa ishirini kwa ishirini, fidia inakuwa ya kiwanja. Nyumba ikishapauliwa, inakuwa ya nyumba. Upimaji wa viwanja katika maeneo hayo unaendelea sasa, na kila mchoro unaopitishwa na halmashauri bila mstari wa reli unapandisha bei ya mstari huo.